Usafi wa Nyumba: Tuondoe Uchafu, Tusiuhamishe

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo kila familia hulifanya kila siku, lakini ni mara chache tunakaa na kulifikiri vizuri. Jambo lenyewe ni usafi wa nyumba.

Wakati wa mvua familia nyingi za hapa Sepuka hutoka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya alizeti, mtama na uwele, na kurudi jioni. Mama akifika nyumbani bado anakabiliwa na maji, kuni, chakula na watoto. Muda wa kufanya usafi ni mdogo, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunatafuta njia ya mkato. Tunanunua dawa kali tukiamini kwamba harufu yake ndiyo usafi. Tunakusanya taka zote na kuzichoma nyuma ya nyumba. Tunamwaga maji machafu mlangoni. Tunanyunyiza dawa ya shambani kitandani ili kuua kunguni.

Baada ya hapo chumba hupendeza kweli. Lakini tujiulize: ule uchafu umekwenda wapi? Kama umeingia kifuani mwa mtoto kwa njia ya moshi, au kisimani kwa njia ya maji, au tumboni mwake kwa njia ya chupa iliyoachwa chini ya meza, basi hatukuuondoa. Tumeuhamisha tu, na pengine tumeufanya kuwa mbaya zaidi. Habari njema ni kwamba njia iliyo salama kwa familia na kwa mazingira ndiyo pia yenye gharama ndogo, na kwa familia iliyojipanga haichukui muda mrefu.

Tuanze na mikono, siyo sakafu

Watu wengi wakisikia neno usafi hufikiri kwanza juu ya sakafu. Lakini vijidudu vya kuhara havitembei wenyewe kutoka sakafuni hadi mdomoni. Hubebwa na mikono, nzi, maji na vyombo. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis wa mjini Vienna aliwaagiza madaktari na wanafunzi wake wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwahudumia akina mama wanaojifungua. Katika wodi yake, mwezi Aprili mwaka huo, walikuwa wakifa akina mama wapatao 18 katika kila 100. Kufikia mwezi Juni walikuwa wapatao 2. Jengo lilikuwa lile lile na vitanda vile vile. Kilichobadilika ni mikono.

Nyumbani hatuhitaji klorini kwa kazi hiyo. Sabuni ya kawaida inatosha. Chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja hushika mafuta na nyingine hushika maji. Vijidudu hukaa ndani ya mafuta na jasho la ngozi. Tunaposugua mikono, sabuni huyabandua mafuta pamoja na vijidudu, na maji huvichukua vyote. Ndiyo maana kusugua ni muhimu kuliko harufu ya sabuni. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja.

Je, sabuni iliyoandikwa kwamba inaua vijidudu ni bora zaidi? Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilipiga marufuku dawa 19 zilizokuwa zikitiwa katika sabuni za aina hiyo, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na kwamba ni salama zikitumiwa kila siku kwa muda mrefu. Kwa hiyo kipande cha sabuni ya mche kinatosha. Fedha inayobaki inunue dagaa.

Kila nyumba iwe na kibuyu chirizi karibu na choo na kingine karibu na jiko. Dumu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni kilichoning'inizwa, basi. Maji hutoka kidogo kidogo, na mikono michafu haigusi dumu.

Maji ni machache, lakini yanatosha

Wapo watakaosema: "Maji yenyewe tunayafuata mbali, usafi tutaufanyaje?" Hoja hiyo ni ya kweli, na si ya hapa kwetu tu. Katika wilaya ya Kongwa, mkoa jirani wa Dodoma, watafiti waliwahimiza wanavijiji kuosha nyuso za watoto ili kuzuia trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kuleta upofu. Watu wengi waliamini kwamba kazi hiyo ingehitaji maji mengi mno. Ilibidi waonyeshwe kwa vitendo jinsi maji kidogo yanavyoweza kuosha nyuso nyingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipatwa kidogo zaidi na trakoma iliyo kali.

Fundisho tunalolipata ni kwamba maji machache yanayotumika kwa mpango hushinda maji mengi yanayomwagwa ovyo. Maji ya kusuuzia nguo yasimwagwe. Yatumike kuosha sakafu ya choo, au yanyunyizwe chini kabla ya kufagia. Nyumba nyingi, hasa za tembe, zina sakafu ya udongo. Tukifagia pakavu, vumbi hupanda juu, huingia katika chakula na vifua vya watoto, kisha hurudi pale pale lilipokuwa. Tukinyunyiza kidogo kwanza, vumbi hutoka nje kweli.

Kadhalika visima vingi vya mkoa wetu wa Singida vina maji ya chumvi, na katika maji magumu sabuni haitoi povu. Mama huongeza sabuni, huongeza tena, na kipande huisha kabla ya wiki. Ziko njia mbili za kusaidia. Ya kwanza ni kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyatumia kufulia, kwa kuwa maji ya mvua ni laini. Ya pili ni kutia magadi kidogo katika maji ya kufulia, kuyakoroga na kuyaacha yatulie kabla ya kutia sabuni. Magadi hukamata ile chokaa inayoizuia sabuni kufanya kazi.

Vitu vichache vya kutosha

Bibi zetu walitunza nyumba zao bila makopo ya dukani. Si kila walichofanya kilikuwa sahihi, lakini mengi yalikuwa na sababu. Hivi ndivyo vitu tunavyoshauri kila nyumba iwe navyo:

1. Sabuni ya mche. Hufaa kwa mikono, vyombo, nguo, meza na sakafu.

2. Maji yanayochemka. Tumia kwa vitambaa vya jikoni, vikombe na vijiko vya mgonjwa, na kwa kunguni. Maji ya moto yakimiminwa katika viungo na nyufa za kitanda cha mbao huua kunguni pamoja na mayai yao. Rudia kila wiki mpaka waishe. Watoto wakae mbali wakati wa kazi hii.

3. Jua. Sepuka tunalo kwa wingi na halilipiwi. Vijidudu vingi hufa vikikauka na kupigwa na mwanga wa jua. Vyombo vikaushwe juu ya kichanja, siyo kwa kitambaa chenye unyevunyevu, maana kitambaa hicho aghalabu ni kichafu kuliko sahani yenyewe. Godoro na mablanketi yatolewe nje kila wiki.

4. Majivu. Yakichekechwa husugua masizi vizuri. Majivu yana magadi ndani yake, nayo hukata mafuta ya chungu na sufuria. Pia hufaa kutupiwa ndani ya choo cha shimo ili kupunguza harufu na nzi. Kwa mikono tumia sabuni. Majivu yawe ya akiba, siku sabuni ikikosekana.

5. Limau au siki. Uchachu wake huondoa ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika kwa sababu ya maji ya chumvi. Chemsha birika likiwa na maji na limau lililokatwa, liache lipoe, kisha lisuuze.

6. Dodoki. Mmea huu hupandwa penye uzio na tunda lake likikauka huwa kisugulio kizuri. Likichakaa hutupwa shimoni likaoza, tofauti na visugulio vya plastiki ambavyo huacha vipande vidogo vidogo vinavyobaki ardhini kwa miaka mingi. Liaanike juani kila baada ya kulitumia.

Dawa kali zina siku zake

Hatusemi kwamba dawa ya klorini, ambayo wengi tunaiita jiki, haina kazi. Ipo siku inahitajika: mgonjwa anapotapika au kuharisha sana, hasa wakati wa kipindupindu, na damu inapomwagika. Siku hiyo itumike kwa kipimo. Soma chupa. Ikiandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji baridi. Vaa glavu. Mwagia juu ya uchafu, acha kwa dakika 10 au zaidi, ondoa, kisha osha mahali hapo kwa sabuni na kumwagia dawa tena. Mchanganyiko wa jana umepungua nguvu, hivyo tengeneza mwingine kila siku. Kwa sakafu ya kila siku, sabuni na maji vinatosha.

Lakini lipo jambo moja tunaomba kila aliye nyumbani alijue, hata msichana au kijana anayesaidia kazi: KAMWE usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote. Ikichanganywa na siki, limau au dawa ya kuoshea choo yenye tindikali, hutoa hewa ya klorini ambayo huunguza macho, koo na mapafu. Ikikutana na mkojo au dawa yenye amonia hutoa hewa nyingine yenye sumu pia. Kwa hiyo poti la mtoto lisuuzwe kwa maji kwanza. Wala usitie jiki katika maji ya moto. Anayefanya kazi katika choo au bafu dogo na kuanza kukohoa, na macho yake kuwasha, aache kila kitu na atoke nje mara moja penye hewa safi. Kifua kikiendelea kubana, aletwe hospitali.

Vivyo hivyo, dawa ya kuua wadudu wa shambani isiingie ndani ya nyumba kwa ajili ya kunguni, viroboto au chawa. Dawa hizo zilitengenezwa kwa hewa ya wazi. Chumbani hukaa katika godoro na sakafu, na mtoto anayetambaa huzipata kwa ngozi, mikono na pumzi. Nyingine humfanya mtu atokwe jasho na mate mengi, atapike, mboni za macho zisinyae na pumzi imwishie. Na kopo lake likiisha lisiwekwe maji, maziwa wala mafuta ya kula, hata likioshwa mara kumi. Litoboe ili mtu mwingine asije akalitumia.

Chupa ya soda yenye kitu kisicho soda

Hili ndilo linalotuumiza moyo kuliko yote sisi wauguzi, kwa sababu linazuilika kabisa. Tunanunua mafuta ya taa, jiki au dawa ya kupimiwa na kuitia katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma. Anajua tu kwamba katika chupa hiyo hutoka kitu kitamu. Akina mama wanaotengeneza sabuni katika vikundi wawe waangalifu zaidi na kostiki soda. Huunguza mdomo na koo, na kovu lake linaweza kuziba njia ya chakula kwa maisha yote.

Basi tujiwekee sheria hizi nyumbani:

(a) Sumu ibaki katika chombo chake chenye maandishi.
(b) Iwekwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti, na ikiwezekana ifungiwe.
(c) Isiwekwe pamoja na chakula.
(d) Tununue kiasi kidogo tu tunachohitaji.

Mtoto akinywa, fanya hivi. Usimlazimishe kutapika. Mafuta ya taa yakipanda kutoka tumboni huingia katika mapafu, na kostiki soda au jiki huunguza koo mara ya pili. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala dawa ya kienyeji kwa kudhani vitaua sumu. Pangusa na suuza mdomo wake kwa maji. Kama dawa imemwagikia ngozi, vua nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Kama imeingia machoni, mimina maji safi juu ya jicho kwa dakika 15 au zaidi. Kisha mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja, na uende na ile chupa. Usingoje uone kama atapata nafuu, kwani pumzi inaweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

Taka na moshi

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Tanzania, na Kenya ilitangulia mwaka 2017. Hata hivyo plastiki bado zipo nyumbani kwetu: chupa, vifungashio, ndoo zilizopasuka, viatu vilivyochakaa. Tabia ya kuwashia jiko kwa kipande cha plastiki tuiache. Moshi wake una sumu, na anayeuvuta wa kwanza ni mama aliyeinama jikoni na mtoto aliye mgongoni. Magunzi makavu na mabua ya alizeti huwasha moto vizuri.

Tukigawanya taka, kazi huwa nyepesi. Maganda, mabaki ya chakula, majani ya kufagia na majivu yaende katika shimo la mbolea na kufukiwa kwa udongo kidogo. Bustani ya mchicha itashukuru. Chupa nzima na vyuma viwekwe kando kwa ajili ya kutumiwa tena au kuuzwa. Betri za redio na tochi zisitupwe shimoni humo wala chooni. Ziwekwe katika kopo peke yake, mbali na watoto. Tukumbuke pia kwamba wakati wa joto nzi huweza kukua kutoka yai hadi nzi kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Taka za jikoni zikifukiwa walau mara mbili kwa wiki, kizazi hicho hukatishwa kabla hakijaruka.

Maji machafu nayo yawe na shimo lake lililojazwa mawe, ili yasituame na kuzaa mbu. Shimo hilo na choo viwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Maji ya sabuni huweza kumwagiwa miti, lakini yenye jiki yasimwagwe bustanini.

Ratiba ya familia yenye kazi nyingi

Hakuna mama anayeweza kufanya haya yote peke yake, na wala si haki kumwachia. Nyumba ni ya wote. Tunapendekeza mgawanyo huu, na kila familia iubadilishe kulingana na hali yake:

Kila siku: kila mtu atandike alipolala na kufungua madirisha. Watoto wa shule wajaze vibuyu chirizi na kufagia uwanja. Vyombo vioshwe mara baada ya kula, kabla mabaki hayajakauka, maana vikilala hutumia maji na sabuni maradufu. Mwenye kuosha vyombo afue pia kitambaa cha jikoni na kukianika.

Mara mbili kwa wiki: kijana mmoja afukie taka za jikoni na kutupia majivu chooni.

Kila Jumamosi: magodoro na mablanketi juani, nguo kufuliwa, maji ya kusuuzia kupelekwa chooni. Ndoo na madumu ya maji ya kunywa yasuguliwe ndani kwa sabuni na kusuuzwa.

Kila mwezi: baba akague paa, mifereji ya kukingia mvua, shimo la maji machafu, na mahali zinapowekwa dawa na mafuta ya taa. Kazi hii haimalizi nusu saa, lakini inaweza kuokoa maisha.

Ndugu wasomaji, tusijilaumu kwa kushindwa kuanza yote kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kama kuna jambo moja la kufanya leo hii kabla ya kulala, basi liwe hili: tuzunguke nyumba tukiwa na taa, tutazame chini ya meza, nyuma ya mlango na penye kona ya jiko. Kila chupa ya soda yenye kitu kisicho soda tuiondoe pale ilipo. Sakafu inaweza kungoja mpaka kesho.